Mstaafu wa Butiama: Mume, Rafiki na Jirani

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, ndugu zetu wa Tanzania hupumzika kazi na kumkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia siku kama hiyo mwaka 1999 katika hospitali ya St Thomas' mjini London. Mengi husemwa siku hiyo: juu ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, juu ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na juu ya vita vya Kagera. Yote hayo yastahili kusemwa. Lakini sisi leo, katika ukurasa huu unaosomwa na askari wa jeshi na wa polisi hapa Uganda, twapenda kumtazama mtu yule yule kwa upande usiopigiwa mizinga. Twataka kumkumbuka Nyerere mume, Nyerere rafiki, na Nyerere mstaafu, aliyeishi takriban miaka 14 baada ya kukabidhi madaraka ya nchi kwa mikono yake mwenyewe.

Twafanya hivyo kwa sababu moja. Kila askari, awe koplo au awe jenerali, iko siku atakayovua sare. Atarudisha vifaa stoo, atatia sahihi, jalada lake litafungwa, na lango la kambi litafunguliwa apite. Siku hiyo hatauliza ni wangapi waliompigia saluti. Atauliza ni nani anayemngoja nyumbani. Na jibu la swali hilo halitungwi siku ile ya kuaga. Hutayarishwa mwaka baada ya mwaka, wakati angali na nguvu, angali na cheo, na angali na mshahara. Hayo ndiyo maoni yetu, na maisha ya Mwalimu ndiyo ushahidi tunaouleta mbele ya wasomaji.

MUME

Nyerere alirudi kutoka masomoni Edinburgh mwaka 1952, na mwaka 1953 akamwoa Maria Gabriel, binti wa upande ule ule wa Musoma. Bwana alikuwa mwalimu, na bibi naye alikuwa amesomea ualimu. Wakaenda kuishi Pugu, karibu na Dar es Salaam, ambako bwana alipata kazi ya kufundisha. Tarehe 7 Julai 1954 kikaundwa chama cha TANU, naye akawa rais wake. Haukupita muda ikawa dhahiri kwamba mtu mmoja hawezi kuwa mtumishi darasani na kiongozi wa siasa kwa wakati mmoja. Na mwaka 1955 akaacha kazi ya ualimu.

Wanaoandika historia hupenda kueleza kwamba mtu fulani aliacha kazi kwa ajili ya nchi yake. Ni mara chache waelezapo ni nani aliyewalisha watoto mwezi uliofuata. Katika nyumba ya Nyerere jambo hilo lajulikana. Mama Maria alifungua duka dogo Magomeni, akauza mafuta ya taa na mahitaji mengine ya nyumbani, ili jiko lisizimike wakati mumewe akizunguka majimbo kueneza chama. Hakutoa hotuba. Alipima mafuta, akapokea senti, akalea.

Askari anayesoma maneno haya ayajua mambo hayo vizuri, maana ndiyo maisha ya nyumba yake. Amri ya safari hutoka usiku, alfajiri lori limekwisha ondoka, na mama watoto hubaki na ada ya shule, na mtoto mwenye homa, na mwenye nyumba anayedai kodi. Polisi anapohamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine mara tatu katika miaka mitano, si yeye peke yake anayehamishwa. Tunao miongoni mwetu askari wanaoijua kwa moyo nambari ya bunduki zao, lakini ukiwauliza mtoto wao wa pili yuko darasa la ngapi, husita. Askari wa namna hiyo si mtu mbaya. Amesahau tu kwamba bunduki itarudi stoo, na mtoto hatarudi utotoni.

Mwalimu na Mama Maria walijaliwa watoto wanane. Baadhi ya watoto wao wa kiume waliingia jeshini, na walikuwa humo wakati majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwezi Oktoba 1978. Yafaa jambo hili likumbukwe. Amiri Jeshi Mkuu aliyetoa amri ya kupigana alikuwa pia baba wa askari, na mkewe alikuwa mama aliyekesha kama wakeshavyo mama wengine. Kwa hiyo vita havikuwa kwao habari za redioni.

RAFIKI

Urafiki wa Nyerere na Uganda haukuanza na mizinga ya mwaka 1979. Ulianza katika kilima cha Makerere, ambako alisoma ualimu kuanzia mwaka 1943 hadi 1945. Hapo Kampala alifahamiana na vijana wenzake kutoka Tanganyika, kama Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage, ambao aliendelea kuwa nao karibu baada ya masomo. Na Tibandebage walifundisha pamoja katika shule ya St Mary's, Tabora. Hao walikuwa marafiki zake alipokuwa hana gari, hana mlinzi, wala hana cha kumpa mtu. Wahenga wamesema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nasi twaongeza kwamba rafiki wa kweli aghalabu ni yule uliyempata kabla ya cheo.

Lakini kwa askari, urafiki wa kuutazama zaidi ni ule wa Nyerere na Rashidi Kawawa. Mwezi Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, na kiti chake akakikalia Kawawa. Mwezi Desemba mwaka huo huo Nyerere akarudi, akiwa Rais wa Jamhuri, na Kawawa akawa Makamu wake. Hebu tufikiri. Ni watu wangapi wanaoweza kupeana kiti kikubwa kuliko vyote nchini, kisha wakarudishiana, pasiwe na njama wala kinyongo? Wengi huahidiana urafiki wakiwa na vyeo sawa. Mmoja akipandishwa nyota, salamu hukatika. Hawa wawili walipishana juu na chini, na urafiki wao haukuvunjika mpaka kifo cha Mwalimu. Kawawa naye alifariki tarehe 31 Desemba 2009, miaka kumi baada ya mwenzake.

Hatusemi kwamba Nyerere alikuwa malaika. Wapo Watanzania wasiosahau jinsi familia zilivyohamishwa kwa nguvu kwenda vijijini katika miaka ya 1970, na wapo Waganda wanaolaumu mkono wake katika siasa zetu baada ya Kampala kukombolewa tarehe 11 Aprili 1979. Mjadala huo ni halali, na wanahistoria wauendeleze. Sisi twasema hivi: mtu aweza kukosolewa kwa maamuzi yake ya kiserikali, na bado akawa mfano kwa jinsi alivyoishi na watu wake. Askari hukosolewa kila siku na raia, na mara nyingine kwa haki. Lakini jirani zake wakisema kwamba ni mtu, basi ana akiba isiyowekwa benki.

MSTAAFU

Tarehe 5 Novemba 1985 Nyerere alikabidhi urais kwa Ali Hassan Mwinyi. Alikuwa na umri wa miaka 63, mwenye afya, na hapakuwa na mtu aliyemsukuma. Mwezi Julai mwaka ule ule, hapa kwetu Uganda, serikali ilipinduliwa kwa mtutu, na mwezi Januari 1986 mapigano yakafika tena katika barabara za Kampala. Sisi wenye kushika silaha twajua thamani ya tofauti hiyo. Kwa jirani, mkuu wa nchi alishuka ngazi kwa miguu yake, na asubuhi yake hakuna aliyekimbia nyumba.

Ni kweli kwamba alibaki mwenyekiti wa chama cha CCM mpaka mwaka 1990, na wapo waliosema kwamba hakuondoka mzima mzima. Ni kweli pia kwamba hakufunga mdomo. Suala la kuunda serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano lilipozuka mwaka 1993, alilipinga kwa nguvu, na mwaka 1994 akatoa kijitabu juu ya uongozi na hatima ya Tanzania, bila kumung'unya maneno. Walakini tuangalie alichokifanya na asichokifanya. Aliandika, alihutubia, alibishana hadharani. Hakwenda kambini.  Kwa askari mstaafu somo hili ni kubwa: mstaafu ana ulimi, hana kikosi. Ushauri wake ni mali ya taifa, na amri zake zimekwisha.

Je, siku zake zilijazwa na nini? Makazi yake yalikuwa Msasani, Dar es Salaam, na kijijini kwake Butiama. Butiama alilima. Alikwenda kanisani kusali, kama alivyozoea maisha yake yote. Alicheza bao, mchezo alioupenda sana, na katika bao hakuna Rais: kete hazimjui mtu. Alikuwa amekwisha tafsiri tamthilia mbili za Shakespeare alipokuwa madarakani. Alipostaafu akaitafsiri Injili pamoja na Matendo ya Mitume kwa mashairi ya utenzi, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1996. Kuanzia mwaka 1987 hadi 1990 aliongoza Tume ya Nchi za Kusini. Na kuanzia mwaka 1996 akawa msuluhishi wa ugomvi wa Burundi, katika juhudi za nchi za eneo letu zilizoongozwa na Rais wa Uganda. Aliifanya kazi hiyo mpaka mwaka wa kufa kwake. Nelson Mandela akaipokea, na mkataba ukatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Miongoni mwa yaliyokubaliwa ni kwamba katika jeshi la Burundi kabila moja lisizidi nusu. Askari wengi wa Burundi waliovaa sare baada ya hapo wamefaidika na kazi ya mzee aliyekuwa na haki ya kukaa kivulini.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi lazima awe na kazi nyingine aijuayo. Mwalimu hakuanza kulima, kusoma na kucheza bao siku ya kustaafu. Alikuwa na mambo hayo tangu zamani, akayarudia. Askari ambaye katika miaka 25 hakujua kitu ila kambi na kilabu cha pombe, siku akikabidhiwa kiinua mgongo chake atakwenda nacho mahali pale pale anapopajua. Tumeona fedha za utumishi mzima zikiisha kabla mvua mbili hazijanyesha, na mzee aliyekuwa sajini wa kuogopwa akisimama karibu na lango la kambi, akimngoja mtu wa zamani atakayemnunulia chai.

Jambo jingine latuhusu zaidi. Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilimjengea Nyerere nyumba pale Butiama, kama zawadi kwa aliyekuwa Amiri Jeshi wake. Nyumba hiyo ilikamilika amebakiwa na muda mfupi, naye akakaa humo siku chache tu kabla ya safari ya London. Twaweza kusikitika kwamba zawadi ilichelewa. Lakini tuone heshima iliyomo: askari walimkumbuka mtu ambaye hakuweza tena kumpandisha cheo hata mmoja wao.

Na pale pale Butiama alikuwako mstaafu mwingine, Jenerali David Musuguri. Alizaliwa huko mwaka 1920, akaingia jeshi la King's African Rifles mwaka 1942, akapelekwa Madagascar katika Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1979 ndiye aliyeiongoza Divisheni ya 20 hadi Kampala. Mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi, na mwaka 1988 akastaafu. Alifariki mwezi Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Tufanye hesabu. Kutoka mwaka 1988 hadi 2024 ni miaka 36 ya ustaafu, mingi kuliko utumishi mzima wa walio wengi kati yetu. Tunajifunza kulenga shabaha kwa miezi, twajifunza kwata kwa miezi. Je, miaka 36 tumejifunza wapi kuiishi?

WAJIBU WETU

Wako watakaotujibu kwamba kazi ya askari haina saa, na kwamba mambo ya mke na marafiki ni ya raia wenye kulala makwao. Jibu hilo halitoshi. Aliyekuwa akiongoza nchi nzima, chama, na vita, hakuwa na saa nyingi kuliko koplo wa lindo. Isitoshe, hatudai saa nyingi. Twadai mambo machache yasiyohitaji bajeti.

Kwanza, askari amweleze mwenzake wa ndoa mambo ya fedha. Mke ajue mshahara ni kiasi gani, mkopo ni wa nini, na akiba iko wapi, kama ni katika vyama vyetu vya akiba na mikopo, Wazalendo kwa jeshi na Exodus kwa polisi, au kwingineko. Kiwanja kikinunuliwa, karatasi zake zijulikane zilipo. Jina la mrithi lililoandikwa katika jalada siku ya kuajiriwa litazamwe tena. Mtu aliyeandika jina la kaka yake akiwa kijana wa miaka 19 huenda sasa ana mke na watoto watano, na siku ya msiba karani hufuata karatasi, hafuati machozi.

Pili, makamanda na wakuu wa vituo wakumbuke kwamba likizo si hisani. Askari anayenyimwa likizo kila mwaka kwa sababu ni hodari anaadhibiwa kwa uhodari wake, na adhabu hiyo wanaitumikia watoto. Kadhalika, semina za kuwaandaa wanaokaribia kustaafu zisiwe za wanaume peke yao ukumbini, huku wake zao wakingoja kusikia habari kwa majirani. Mwenzi akaribishwe, aketi, aulize. Na askari mwanamke anayestaafu, mumewe naye aitwe.

Tatu, kila kikosi na kila kituo kiwajue wastaafu waishio karibu nacho. Jungu kuu halikosi ukoko. Mzee aliyepigana, aliyepeleleza kesi ngumu, au aliyekarabati magari ya doria kwa waya na akili, ana la kuwafundisha vijana kuliko vitabu vingi. Aalikwe siku ya sherehe ya kikosi, apewe kiti, aulizwe habari za zamani. Tusingoje siku ya kubeba jeneza ndipo tupige pasi sare zetu kwa ajili yake.

Nne, mjane asiachwe akizunguka ofisi kwa ofisi na cheti cha ndoa kilichochakaa mkononi. Ofisa utawala mmoja kwa kila kikosi apewe jukumu la kumshika mkono mpaka haki yake ipatikane. Mjane huyo ndiye aliyekuwa mlinzi wa nyuma wakati sisi tulipokuwa mstari wa mbele.

Mwalimu alizikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999, karibu na makaburi ya wazazi wake. Wakuu wa nchi walikuja Tanzania kumuaga, na askari walimpa heshima zote za kijeshi. Mwaka 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha shauri la kuomba atangazwe mwenye heri, na katika miaka iliyofuata Mama Maria alisafiri hadi Namugongo pamoja na mahujaji wa Tanzania, akasali hapa kwetu, katika nchi ambayo mumewe aliijua tangu ujana. Mizinga ya mazishi ilikuwa imekwisha nyamaza siku nyingi, na protokali imekwisha rudi ofisini. Aliyebaki kumkumbuka kwa magoti ni yule aliyepima mafuta ya taa Magomeni.

Basi, ndugu zetu wa jeshi na wa polisi, yatupasa kila mmoja ajiulize leo, si siku ya kuaga: nani atanikumbuka kwa namna hiyo, na nimemtendea nini mwaka huu? Ambaye hana jibu bado ana nafasi. Aanze kwa barua, au kwa simu nyumbani jioni hii, wala asizungumze habari za kazi.